Mswala, Ungo na Mtumbwi: Visa vya Kuvuka Maji katika Mizani ya Sheria

 

Usiku mmoja wa Ramadhani, baada ya tarawehe, tulikuwa katika darsa huko Nyakisasa, Wilaya ya Ngara, mkoani Kagera. Ustadhi mmoja kijana alisimulia kisa cha sheikh wa pwani aliyefika bandarini akakuta chombo kimekwishang'oa nanga. Nahodha akakataa kurudi. Sheikh akatandika mswala wake juu ya bahari, akaketi, akavuta tasbihi, na chombo kilipofika ng'ambo kilimkuta ameshaswali na kupumzika. Baraza zima likasema Subhaanallah. Ndipo mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango akauliza: "Ustadhi mwanangu, hapa kwetu wapo wanaosemwa kuwa huvuka Ruvuvu usiku kwa ungo. Wa mswala unatuambia ni walii, wa ungo sisi tunamwita mchawi. Maji ni yale yale. Tofauti iko wapi?" Watu wakacheka, kijana naye akacheka, swali likapita. Sisi halikutupita, na makala hii ni deni tunalomlipa mzee yule.

Ndugu msomaji, watu wa Ngara wanayajua maji. Mto Ruvuvu unaingia kutoka Burundi na kukutana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Kutoka hapo maji huenda Ziwa Viktoria, na kutoka ziwani huingia Nile. Wanajiografia wanakihesabu kijito cha Ruvyironza, kinachoingia Ruvuvu huko Burundi, kuwa miongoni mwa vyanzo vya mbali kabisa vya Nile. Kwa hiyo maji anayochota mwanamke wa Ngara leo ndiyo yanayoelekea Misri, nchi ambayo mama wa Nabii Musa (a.s.) aliamrishwa kumtia mwanawe katika sanduku na kumwachia maji (Suratu Twaha, aya ya 39). Penye mto mkubwa hapakosi hadithi za mto. Wahaya walilinasibisha ziwa na dhoruba zake kwa Mugasha, na Waganda kwa Mukasa wa visiwa vya Ssese. Yote hayo ni katika mambo ambayo Uislamu ulikuja kuyaondoa, nasi hatutayarefusha.

Linalotuhusu ni visa vya mtu mmoja kuvuka maji kwa njia isiyo ya kawaida, kwani hivyo ndivyo vinavyopanda mimbari. Na jambo la kwanza ambalo mhadhiri anapaswa kulijua ni kwamba visa hivi si vya umma mmoja. Mabudha wanacho, katika mkusanyiko wao wa Jataka, kisa cha mfuasi aliyefika Mto Aciravati akakosa chombo. Akatembea juu ya maji huku moyo wake umezama katika kumkumbuka mwalimu wake. Alipofika katikati akayaona mawimbi, miguu ikaanza kuzama, akaurudisha moyo pale ulipokuwa, akavuka. Wakristo wanacho kisa cha Petro katika Injili ya Mathayo, mlango wa 14, naye anazama pale pale anapouangalia upepo. Wachina wanasimulia juu ya Bodhidharma kuvuka Mto Yangtze kwa unyasi mmoja. Wangoni nao, katika baadhi ya masimulizi yao, wanasema kwamba kiongozi wao Zwangendaba alipofika Zambezi mwaka 1835, wakati jua lilipopatwa, aliyapiga maji kwa fimbo yake yakagawanyika, na watu wakapita na ng'ombe wao. Kundi moja la Wangoni hao, Watuta, lilikwenda mbali hadi Runzewe, jirani na Biharamulo, kwa hiyo kisa hiki si cha ugenini kabisa. Kwamba walivuka ni historia. Ama hiyo fimbo, anayeijua Suratu Shu'araa, aya ya 63, hatakosa kujiuliza imetoka wapi, hasa kwa kuwa masimulizi hayo yaliandikwa baada ya wamisionari kuingia na vitabu vyao.

Vipo pia visa ambavyo mnyama ndiye chombo. Katika kitabu cha Edward Steere cha ngano za Kiswahili, kilichochapwa mwaka 1870, kimo kisa cha kima aliyebebwa na papa hadi katikati ya bahari, kisha akaambiwa kwamba sultani wa huko ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kwamba wao wakitoka huiacha mioyo yao mitini, basi arudishwe akauchukue. Kisa hiki kimo katika Kalila wa Dimna, alichokitia katika Kiarabu Ibn al-Muqaffa' katika karne ya 2 Hijria, na humo mbebaji ni kobe. Asili yake ni India, na huko kipo pia kwa sura ya mamba. Wajapani wana sungura aliyewapanga wanyama wa baharini mstari akisingizia kuwahesabu, akavuka juu ya migongo yao. Kisa hicho kimo katika Kojiki, kitabu cha mwaka 712. Wamalei wanasimulia mfano wa hayo kwa paa mdogo na mamba. Tukiulizwa rai yetu, ngano hizi za wanyama ndizo salama kuliko zote. Hakuna mtoto anayesikia kisa cha kima na papa akaenda kumtafuta papa ampande. Anajifunza kutumia akili, na ngano inabaki kuwa ngano.

Tatizo linaanza pale ngano inapovaa kilemba. Mfano ni kisa cha Bulukiya, kilichomo katika Ara'is al-Majalis cha ath-Tha'labi (aliyefariki mwaka 427 Hijria), na pia katika Alfu Lela Ulela. Bulukiya na mwenzake Affan wanapata mti ambao utomvu wake ukipakwa nyayoni mtu hutembea juu ya bahari kama juu ya nchi kavu. Wanavuka bahari saba hadi lilipo kaburi la Nabii Sulaiman (a.s.). Affan ananyoosha mkono kuichukua pete, naye anaungua. Kama ngano, ni nzuri, na ina adabu ndani yake: aliyevuka bahari zote kwa dawa hakuweza kuvuka tamaa yake. Lakini kimo katika kitabu cha visa vya Manabii, na msomaji asiyejua hupata kudhani kuwa kila kilichomo humo ni dini. Maulamaa waliokwisha kuzigawa Israiliyati katika mafungu matatu, yanayoafikiana na yaliyo kwetu, yanayopingana nayo, na yaliyonyamaziwa, hawakutuachia ruhusa ya kulitoa fungu la tatu kwenye simulizi na kulipeleka kwenye itikadi. Utomvu wa Bulukiya si hoja ya jambo lolote.

Kipo kisa kingine tulichokisikia msikitini zaidi ya mara moja. Mwanachuoni anapita kwa jahazi karibu na kisiwa, anamkuta mja anayemdhukuru Allah kwa matamshi mabovu, anamsahihisha, kisha anaondoka. Chombo kikiwa mbali, mja yule anakuja mbio juu ya maji: amesahau, anaomba afundishwe tena. Mwanachuoni analia. Kisa hiki husimuliwa katika vitabu vya hekaya za madarweshi, na Mrusi Tolstoy alikiandika mwaka 1886 kwa askofu na wazee watatu Wakristo. Hatusemi kwamba kila kinachosimuliwa na wengine ni batili. Tunasema kwamba kisa kinachomfaa askofu na sheikh sawasawa, bila jina la mtu wala mji wala mpokezi, ni ngano. Na kinapotolewa darsani kazi yake huwa moja: kumwambia mwanafunzi wa tajwidi kwamba anapoteza wakati. Asiyeweza kutamka baada ya kujitahidi ana udhuru wake katika vitabu vya fiqhi, na udhuru huo haumlazimishi kutembea juu ya maji ili authibitishe.

Kibaya kuliko hicho ni kile kinachonasibishwa kwa al-Junayd wa Baghdad (aliyefariki mwaka 298 Hijria). Kinasema alivuka Dijla kwa miguu akitaja jina la Allah, akamwamuru mtu aliyemfuata ataje "Ya Junayd". Mtu akatembea salama, kisha shetani akamtia wasiwasi, akasema "Ya Allah", akazama. Hatukioni kisa hiki kuwa na isnadi ya kutegemewa, na matini yake inatosha kukirudisha. Al-Junayd ndiye aliyepokewa katika Risala ya al-Qushayri kuwa aliifunga njia yao yote kwa Kitabu na Sunna. Vipi mtu huyo afundishe kwamba jina la kiumbe linaokoa na jina la Muumba linazamisha? Anayekisimulia kisa hiki akidhani anamtukuza al-Junayd amemzulia jambo zito. Na wanaomsikiliza, wengi wao watu wa kawaida wanaoogopa maji, wanarudi nyumbani wakitafuta jina la kulitaja badala ya Mola wao.

Hapa tunarudi kwenye swali la mzee. Je, hakuna basi kuvuka maji kwa njia isiyo ya kawaida? Kupo, na Qur'an imekutaja kwa Musa (a.s.) na watu wake, na mwenye kukanusha hilo amekanusha Qur'an. Katika Sahihi Muslim, kisa cha kijana wa Watu wa Mahandaki, wale waliompeleka baharini wamzamishe walizama wao, naye akarudi kwa mfalme akitembea. Ahlu Sunna wanathibitisha karama za mawalii. Lakini maulamaa hao hao waliuweka mpaka. Imepokewa kwamba al-Layth bin Sa'd alionya kuwa mtu anayetembea juu ya maji asitughuri mpaka mambo yake yapimwe kwa Kitabu na Sunna, na Imam ash-Shafi'i alipopata habari hiyo akaona al-Layth amepunguza, akaongeza na anayeruka angani. Abu Yazid al-Bistami naye aliambiwa juu ya mtu anayetembea majini, akajibu kwa maana ya kwamba samaki nao wamo majini. Kwa hiyo, mzee wetu, ulisema kweli: maji ni yale yale. Kuvuka peke yake hakumthibitishi mtu kuwa walii. Linaweza kuwa karama, linaweza kuwa istidraji, linaweza kuwa sihri, na mara nyingi kuliko zote ni uongo wa msimuliaji.

Angalieni pia jinsi mapokezi ya wanahistoria wetu yanavyotofautiana na ngano. At-Tabari ameleta habari za Sa'd bin Abi Waqqas (r.a.) kuvuka Dijla mwaka wa 16 Hijria kwenda al-Mada'in, farasi wakiogelea na mto umefura. Sehemu kubwa ya habari hiyo imepitia kwa Sayf bin Umar, ambaye wanahadithi wamemdhoofisha katika hadithi, ingawa wanahistoria wamemchukua katika tarehe. Hata tukiichukua kama ilivyo, ndani yake mna mpango. Wafursi walikuwa wamezikusanya mashua upande wao. Asim bin Amr alitangulia na watu 600 waliojitolea, na katika hao 60 wakaingia kwanza ili kuulinda ukingo wa ng'ambo kabla jeshi halijaingia majini. Mtu mmoja aitwaye Gharqada aliteleza kutoka mgongoni mwa farasi wake, na al-Qa'qa' bin Amr akamkokota mpaka akavuka. Katika kisa cha mswala hakuna anayeteleza, na hakuna anayemshika mwenzake mkono.

Na iko hadithi ya Bukhari ya mtu wa Bani Israil aliyekopa dinari 1,000 kwa ushahidi wa Allah peke yake. Siku ya kulipa ilipofika alitafuta chombo akakosa. Akatoboa gogo, akatia fedha na barua, akalitupa baharini akimtegemea Mola wake. Gogo likafika. Watoa mawaidha wengi huishia hapo. Lakini hadithi haikuishia hapo: mtu yule aliendelea kutafuta chombo mpaka akakipata, akamwendea mdai wake na dinari 1,000 nyingine mkononi. Deni halikuanguka kwa sababu gogo limetupwa. Yeye hakujua kama limefika, na hakujihukumia kwa muujiza.

Mafaqihi nao ndivyo walivyokwenda. Hija kwa njia ya bahari, kwa mujibu wa Minhaj ya an-Nawawi, inawajibika pale usalama unapokuwa ndio wenye kughilibu. Wakaulizana: je, walii anayeweza kufika Makka kwa lahadha moja, Hija inamwajibikia kwa uwezo huo? Wanachuoni wa Kishafii wa baadaye wakajibu kwamba uwezo wa karama hauzingatiwi, na kinachozingatiwa ni jambo la dhahiri lililozoeleka. Ni kweli kwamba baadhi ya Mahanafi, katika suala la mume aliye mashariki na mke aliye magharibi wasioonekana kukutana, walimthibitishia mtoto nasaba kwa baba kwa sababu ya ndoa, na Ibn al-Humam akataja uwezekano wa karama au wa kuhudumiwa na majini. Hiyo ilikuwa ni kumsitiri mtoto asikose baba. Mashafii hawakuikubali hata hiyo, bali walishurutisha iwezekane wawili hao kukutana kwa kawaida.

Suala hili si la vitabuni tu. Katika mikoa yetu ya Kanda ya Ziwa wazee, na zaidi wanawake wazee, wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Sihri ipo na ni katika madhambi saba yanayoangamiza, hilo hatulikanushi. Lakini fikirieni kisa cha ungo kinamfanya nini mtuhumiwa. Mtoto amekufa ng'ambo ya mto usiku. Bibi amelala kwake upande huu, majirani wanashuhudia, mtumbwi umefungwa, kivuko kimesimama. Mbele ya kadhi yeyote huo ni ushahidi wa kumtoa. Mbele ya watu walioshiba hadithi za ungo, ushahidi wote huo hauna kazi, kwa kuwa ungo hauhitaji mtumbwi. Hana tena pa kusimama. Ndiyo maana tunaona kanuni ya mafaqihi ya kuhukumu kwa dhahiri iliyozoeleka ni rehema, na ndiyo maana ustadhi anayezoesha watu kuamini mswala bila isnadi anawazoesha, asipojua, kuamini na ungo. Sikio ni moja.

Lipo jambo jingine, na hili ndilo lililotufanya tuandike. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa takriban siku moja, watu wanaokadiriwa 250,000 waliokimbia Rwanda walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Walivuka kwa miguu, juu ya daraja. Chini yake Kagera ilikuwa ikibeba maiti, na maiti hizo zilifika hadi Ziwa Viktoria. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba, iliyokuwa na uwezo wa abiria 430, ilipinduka na kuzama ikikaribia Mwanza ikiwa imejaza kupita kiasi, na waliokufa walikuwa zaidi ya 800. Ni familia ngapi za Kagera zilizokosa mtu siku ile! Kisha tunakaa msikitini, mbele ya watoto na wajane wa waliozama, tunasimulia kwamba mwenye imani ya kweli maji humbeba. Msikilizaji anabaki na hesabu ya kumaliza mwenyewe: baba yangu alizama, basi imani yake ilikuwaje?

Mtume (s.a.w.) alimhesabu aliyekufa kwa kuzama kuwa shahidi, katika hadithi ya Abu Huraira (r.a.) iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim. Na Umm Haram bint Milhan (r.a.), aliyeombewa na Mtume (s.a.w.) awe miongoni mwa wapanda bahari, alivuka kwenda Kupro zama za Mu'awiya kwa merikebu ya mbao kama wenziwe, akashuka, akaanguka kutoka kwenye mnyama wake, akafa. Hakuna mswala uliotandikwa. Wala hatumtoi nahodha lawamani kwa kusema waliozama ni mashahidi: imepokewa na Ahmad hadithi kwamba anayepanda bahari inapochafuka dhima imemwondokea, na anayejaza chombo kupita kiasi ana hukumu yake ya kudhamini roho za watu.

Suala ambalo mafaqihi walilishughulikia kweli kweli ni hili: aliyezama na mwili wake haukupatikana, je, ataswaliwa? Katika MV Bukoba miili mingi haikutolewa. Minhaj inasema kwamba aliyekufa kwa kuangukiwa na mfano wa hayo, ikashindikana kumtoa na kumwosha, haswaliwi, kwa kuwa kuoshwa kunatangulia. Al-Khatib ash-Shirbini katika Mughni al-Muhtaj ameinukuu kauli ya baadhi ya waliokuja baadaye kwamba hakuna sababu ya kuiacha swala, kwa kuwa linalowezekana haliangushwi na lisilowezekana, na makusudio ya swala ni dua kwa maiti. Sisi tunaelemea kauli hii ya pili. Na maiti wanaopatikana mtoni wamechanganyika, Waislamu na wasio Waislamu, wasitambulikane, huoshwa na kuswaliwa wote kwa nia ya walio Waislamu kati yao.

Tumeulizwa juu ya mswala unaoelea, wilayani na kwingineko, mara nyingi hata hatuzikumbuki. Juu ya kumswalia aliyebaki ziwani tumeulizwa mara moja tu. Muulizaji alikuwa mwanamke, naye aliuliza baada ya watu wote kuondoka.

Wallaahu a'lam.